Kabla ya Kuchomoa Flashi

Mtumiaji anaponakili picha za harusi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye flashi, na kompyuta ikamwarifu kuwa kazi imekwisha, huenda picha hizo bado hazijafika zote. Ili kuharakisha kazi, kompyuta huziweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukikatika, kisha huzihamisha kidogo kidogo. Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data huweza kungoja humo kwa takribani sekunde 30. Windows, tangu toleo la 1809, haicheleweshi sana uandishi kwenye flashi. Hata hivyo tunashauri amri ya kutoa kwa usalama itumike kila mara, kwa kuwa ndiyo inayoilazimisha kompyuta kumaliza yaliyobaki.

Hatari kubwa zaidi ni kukatizwa katikati ya kazi. Kuhifadhi faili moja si tendo moja: yaliyomo huandikwa mahali pamoja, jina la faili mahali pengine, na orodha ya nafasi zilizojaa hurekebishwa mahali pa tatu. Umeme ukizimika kati ya hatua hizo, orodha hupingana. Ndiyo maana mifumo ya faili kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux ina daftari maalumu. Badiliko linalokusudiwa huandikwa kwanza humo na kutiwa alama ya kukamilika, ndipo orodha zenyewe hurekebishwa. Kompyuta ikiwashwa tena husoma daftari hilo: badiliko lenye alama hutekelezwa upya, lisilo na alama hubatilishwa.

Tusilipe daftari sifa isiyo yake. Kwa kawaida hulinda orodha, si maneno ya barua ambayo mwandishi hakuihifadhi. Aidha, flashi nyingi na kadi za kamera hutumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina daftari la namna hiyo.

Kompyuta ikidai kuwa ni lazima flashi ifomatiwe kabla ya kutumika, mtumiaji asikubali iwapo ina mafaili anayoyahitaji. Mara nyingi kilichoharibika ni orodha tu, na picha zenyewe zingalipo. Asihifadhi kitu kipya humo, kwani faili mpya huweza kuandikwa juu ya ya zamani. Akiipeleka kwa fundi, amtake ainakili flashi nzima kabla ya kujaribu kuirekebisha, na sharti hilo, pamoja na gharama, liandikwe kwenye stakabadhi ya kupokelea kifaa.