Simu imefungwa, laini iko wazi

Simu ikikwapuliwa kupitia dirisha la daladala, mwizi mzoefu hahangaiki na kioo. Anachomoa laini, anaitia kwenye kitochi. Namba yako ya siri imebaki kwenye simu. Namba ya simu imeondoka naye.

Simu yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Picha na jumbe hazikai humo kama zilivyo. Zimevurugwa kwa hesabu, na ufunguo wa kuzirudisha hutokana na namba yako ya siri ikichanganywa na nyingine iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Fundi akibandua kumbukumbu na kuipachika kwenye bodi nyingine, anaambulia takataka. Tarakimu nne hutoa namba 10,000, ambazo kompyuta ingezimaliza upesi, ila simu hairuhusu pupa: ukikosea mara kadhaa inakusubirisha dakika, kisha saa. Mwaka 2016 FBI ilikwamia kwenye iPhone 5C ya mmoja wa washambuliaji wa San Bernardino, Marekani. Iliibana Apple mahakamani, na mwishowe simu ikafunguliwa na watu wa nje.

Laini nayo ina kinga yake ya tangu enzi za vitochi, PIN, ambayo wengi wetu hatujawahi kuiwasha. Ikikosewa mara 3, laini inajifunga na kudai PUK ya tarakimu 8. PUK ikikosewa mara 10, laini inakufa. Bila PIN, kila SMS inaingia kwa mwizi. Anasakinisha WhatsApp kwenye simu nyingine, anaandika namba yako, tarakimu sita za uthibitisho zinatua kwenye kitochi, na kabla ya magharibi shangazi yako ameshaombwa hela ya dharura. Pesa zilizo kwenye laini zina namba yao ya siri, inayohakikiwa na mtandao, hivyo hapo atakwama. Isipokuwa kama uliweka mwaka wako wa kuzaliwa, na kitambulisho ulikichomeka kwenye kava la simu hiyohiyo.

PIN ya laini yangu niliiwasha juzi, kwenye mipangilio ya usalama. Inataka kwanza PIN iliyokuja na laini, na si ya kubahatisha. Sasa simu ikizimika chaji huniuliza namba mbili, mke wangu hucheka. Ile kadi ya plastiki yenye PUK, ambayo zamani ningeitupa dukani palepale, iko kwenye kopo la vyeti vya watoto.