Kanga wa Shambani ni wa Nani? Tujue Sheria Kabla ya Kutega



Tukitembelea vikundi vya kujisaidia kati ya Ruiru na Thika, swali moja hurudi tena na tena, hasa Krismasi ikikaribia: "Hawa kanga wanaofukua mahindi yetu, si tuwatege tu? Kibali cha kuwinda kinapatikana wapi?" Wengine wana mpango mkubwa zaidi. Wanataka kuokota mayai porini, wayaweke chini ya kuku, waanzishe mradi wa kikundi. Wazo la mradi ni zuri, lakini njia hiyo ya kuuanza ina hatari. Hebu tueleze.

HAKUNA KIBALI CHA KUWINDA

Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama katika Kenya. Wakati ule ndege kama kanga na kwale waliachwa nje ya marufuku, na mwenye leseni aliweza kuwapiga. Ndiyo maana mpaka leo utasikia mtu akisema, "Ndege hawana shida." Maneno hayo yamepitwa na wakati. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inakataza kuwinda kwa burudani, kuwinda kwa kitoweo cha nyumbani na kuwinda kwa kuuza nyama.

Kwa hivyo mtu akija kijijini akiuza "kibali cha kuwinda kanga", huyo ni tapeli. Mpe chai, lakini pesa usimpe.

Na je, kanga akiingia shambani kwangu? Bado si wako. Shamba ni lako, lakini ndege wa porini anatunzwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, kupitia Shirika la Wanyamapori, yaani KWS.

TUPIGE HESABU

Sheria hiyo ilipopitishwa, adhabu ya kuwinda kwa ajili ya chakula iliwekwa kuwa faini isiyopungua Sh. 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Kwa biashara ya nyama ya porini, faini isiyopungua Sh. 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka 1.

Chukua kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa Sh. 100 kwa wiki. Hiyo ni Sh. 2,000 kwa wiki. Kanga mmoja wa sufuria anaweza kumeza michango ya wiki 15. Wakipatikana mkiuza nyama, mmepoteza michango ya wiki 100, karibu miaka miwili. Na hapo hatujataja mzazi aliyefungwa na watoto waliobaki nyumbani.

MAYAI NAYO?

Wengi hujiuliza kosa liko wapi, maana hakuna damu iliyomwagika. Lakini sheria huhesabu mayai, manyoya na hata ndege aliye hai kuwa nyara. Kuwa nayo bila kibali ni kosa. Sisi Wakristo tunajua pia kwamba katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu anayekuta kiota anaagizwa asimchukue mama pamoja na makinda yake. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa kuwa ploti na nyumba. Kanga hutaga chini, kwenye nyasi. Tukiokota na mayai yaliyobaki, wajukuu wetu watamwona kanga kwenye picha tu.

NJIA ILIYO WAZI

Kuwinda hakuna kibali, lakini kufuga kuna kibali. Kikundi kifuate hatua hizi:

1. Hakikisheni cheti cha usajili wa kikundi hakijaisha muda.
2. Nendeni ofisi ya KWS ya kaunti mkaulize masharti na ada ya mwaka huu. Kama hamjui ofisi iko wapi, mwulizeni chifu, au askari wa KWS pale hifadhi ya Ol Donyo Sabuk, jirani na Thika.
3. Jengeni banda kama mtakavyoelekezwa, kwa sababu litakaguliwa.
4. Lipeni kwa njia rasmi ya serikali, si mfukoni mwa mtu. Daini risiti na muiweke kwenye faili.
5. Kibali kikishatoka, ndipo mnunue vifaranga au mayai kwa mfugaji mwenye kibali chake. Andikeni mlinunua kwa nani na lini.

Kumbukeni pia kwamba yai la kanga huchukua siku 26 hadi 28 kuanguliwa, na la kuku siku 21. Msiyachanganye chini ya kuku mmoja kwa siku moja. Vifaranga vya kanga huuawa upesi na baridi na unyevu.

TUSISAHAU KWARE

Mwaka 2013 watu wengi walikimbilia kufuga kware, wale ndege wadogo wa mayai ya madoadoa. Wengine walipata kibali vizuri kabisa. Kufikia mwaka 2014 wafugaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi, bei ikaanguka, na waliokopa wakabaki na deni. Kibali si soko. Kabla ya kununua ndege wa kwanza, jueni ni hoteli gani au bucha gani itanunua, na kwa bei gani.

NA MAHINDI YETU?

Kanga hufukua mbegu na miche michanga. Lindeni shamba asubuhi na jioni mpaka miche ishike. Mbwa na debe la kugonga husaidia. Uharibifu ukizidi, pigeni ripoti KWS. Sumu msiitumie kamwe: haichagui kati ya kanga, kuku wa jirani na mtoto anayeokota punje.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Je, kuna mtu kati yetu anayetega bila kujua sheria? Tutamwambiaje kwa upole?
- Mradi wetu una cheti gani, na faili iko kwa nani?
- Nani atatununulia?

Mali bila daftari huisha bila habari. Tuanze na karatasi, ndege watafuata.