Kwa nini krimu ya Kichina ya muwasho hufanya kazi haraka hivyo?

Mtoto anajikuna usiku kucha. Viwiko vimechubuka, nyuma ya magoti kuna mabaka yanayotoa maji, na karibu kila krimu ya duka la dawa imeshajaribiwa. Halafu jirani analeta kityubu kidogo chenye maandishi ya Kichina. Siku ya tatu ngozi imetulia, mtoto analala, mama anamshukuru Mungu na jirani.

Kabla hujaagiza kityubu cha pili, soma hapa kwanza.

Na tuelewane mapema: hii si makala ya kusema dawa zote za Kichina ni utapeli. Dawa mseto ya malaria unayopewa hospitalini ina kiambata kilichotokana na mmea wa Kichina. Mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kukipata, Tu Youyou, ni mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015.

Muwasho ni 'upepo'

Hospitalini utaambiwa ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi, unatokea pale ngozi inaposhindwa kushika maji yake na kinga ya mwili inapochachamaa kupita kiasi.

Tiba ya jadi ya Kichina inaeleza jambo hilo kwa lugha nyingine kabisa. Muwasho unaitwa upepo, kwa Kichina *feng*. Kwa nini upepo? Kwa sababu unakuja ghafla na hautulii. Leo uko mkononi, kesho shingoni. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, basi upepo umeungana na joto. Ikitoa majimaji, umeungana na unyevu. Ikiwa kavu, nene na yenye nyufa za muda mrefu, tatizo ni damu iliyokauka na kushindwa kulisha ngozi. Ndiyo maana watu wawili wenye ugonjwa mmoja kwa vipimo vya hospitali wanaweza kutoka kwa tabibu wa Kichina na dawa mbili tofauti.

Bibi aliyewahi kusema mtoto "kapitiwa na upepo mbaya" asingeshangaa sana.

Mwaka 1617 daktari Chen Shigong, wa mkoa wa Jiangsu, alichapisha kitabu chenye mchanganyiko uitwao Xiao Feng San, yaani unga wa kutawanya upepo. (Jiangsu ndio mkoa ambao umekuwa ukipeleka madaktari Zanzibar tangu 1964.) Una vitu 13, na matabibu wanauandika hadi leo. Kuna ufuta, kuna mzizi wa *fangfeng* ambao jina lake lina maana ya kinga-upepo, kuna hata ganda lililovuliwa na nyenje, yule mdudu wa mitini anayepiga kelele wakati wa joto. Na kuna kitu kinaitwa *mutong*. Lishike jina hilo.

Chai chungu yafika London

Miaka ya 1980 madaktari wa ngozi London walianza kuona kitu cha ajabu. Watoto wenye ukurutu sugu, ambao wao wenyewe walishindwa kuwasaidia, walikuwa wanarudi kliniki wakiwa na nafuu kubwa. Walipouliza, kumbe wazazi walikuwa wanawapeleka kwa tabibu wa Kichina mjini humo na kuwanywesha chai ya mitishamba.

Wengine wangepuuza. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street waliamua kupima. Waliandaa chai ya mimea 10 kwa kipimo kisichobadilika, wakaandaa na nyingine ya mimea isiyotarajiwa kutibu ukurutu, ikifanana nayo kwa sura na ladha. Watoto 47 waliingia kwenye jaribio, 37 wakamaliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: wakati wa kunywa chai halisi, watoto walipata nafuu zaidi. Jaribio la watu wazima 40, lililochapishwa mwaka huohuo, lilionyesha hivyohivyo.

Ungedhani hadithi imeisha kwa furaha. Hapana. Chai yenyewe ilikuwa chungu kiasi kwamba kuna watoto walioikataa. Vipimo vya ini vilipanda kwa wachache, vikashuka walipoacha. Kisha mwaka 1999 dawa ileile ilijaribiwa Hong Kong kwa wagonjwa Wachina, na haikuonyesha tofauti ya maana na chai bandia. Leo haitengenezwi tena. Mwaka 2013 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 28 ya dawa mbalimbali za mitishamba ya Kichina kwa ukurutu, yenye washiriki 2,306, na kusema ushahidi hautoshi kuthibitisha kuwa zinasaidia. Mengi ya majaribio hayo yalifanywa kwa viwango vya chini.

Kwa hiyo jibu la kweli kuhusu chai ni "labda, kwa baadhi". Najua halipendezi, lakini ndilo lililopo.

Sasa turudi kwenye kityubu

Mwaka 1999 madaktari London walichukua krimu 11 za "mitishamba ya Kichina" ambazo wagonjwa wao walikuwa wakipaka kwa ukurutu, wakazipeleka maabara. Krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni.

Hiyo ni steroidi, na haioti shambani. Inatengenezwa kiwandani, na ilikuwa ndani ya krimu zilizouzwa kama mitishamba bila mgonjwa kuambiwa. Zilikuwemo krimu walizopakwa watoto, hata usoni, sehemu ambayo ngozi ni laini na dawa hupenya kwa urahisi.

Steroidi yenyewe si adui. Daktari wa ngozi anaiandika kila siku, kwa nguvu maalumu, sehemu maalumu na muda maalumu. Shida ni kuipaka bila kujua. Wanaowafahamu watumiaji wa mkorogo wanajua picha yake: ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, na ukiacha ghafla, ugonjwa unarudi kwa hasira. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho. Na kama kumbe ulikuwa ni mapunye wala si ukurutu, krimu inatuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kutanda.

Basi hilo ndilo jibu la swali la juu. Krimu isiyoorodhesha viambata, inayodaiwa kutibu kila aina ya muwasho na kutuliza ngozi ndani ya siku mbili tatu, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na steroidi. Upepo haujaguswa hapo.

Jina tulilolishika

Mwaka huohuo wa 1999, madaktari Uingereza waliripoti wagonjwa wawili ambao figo zao zilikufa. Wote walikuwa wamekunywa mitishamba ya Kichina kutibu ukurutu. Sababu ilikuwa *mutong*. Jina hilo lilitumika kwa mimea zaidi ya mmoja, na mmoja wao, wa jamii ya aristolokia, una asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Uingereza ilipiga marufuku mimea hiyo, na China yenyewe ikaiondoa *mutong* ya aina hiyo mwaka 2003.

Tabibu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado mzigo aliouziwa ukawa na mmea mwingine. Hilo ndilo linalonitisha kuliko hata ile krimu.

Kipi unaweza kujaribu bila hofu?

Kuna kimoja, na ni bure. Kunja mkono. Pale mkunjo wa kiwiko unapoishia upande wa nje, Wachina wanapaita *Quchi*, na wamepatumia kwa muwasho muda mrefu. Mwaka 2012 watafiti Chicago waliwapa watu wachache wenye ukurutu kidonge kidogo cha chuma cha kukandamiza hapo dakika tatu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Muwasho ulipungua. Washiriki walikuwa 15 tu, kwa hiyo usitupe dawa zako. Lakini kukandamiza ngozi isiyo na kidonda hakuui figo.

Mengine ni ya kawaida: kuoga haraka kwa maji yasiyo moto, sabuni isiyo na manukato, kupaka mafuta mazito kama vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu, kukata kucha za mtoto. Na kama nyumba nzima inawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huo huenda ni upele unaoambukiza. Una dawa yake, na mnatakiwa mtibiwe wote kwa pamoja.

Kama tayari unatumia kityubu cha jirani, usikitupe. Kama umekipaka kwa wiki kadhaa, usiache ghafla bila ushauri pia. Kibebe na boksi lake uende nacho kliniki ya ngozi, umwambie daktari umepaka wapi na kwa muda gani.