Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Kwa miaka mingi tumeusikia wimbo uitwao "Khawuleza", na kila ulipopigwa tulisema, "Huyo ni Miriam Makeba." Sauti hatukuikosea, tulimkosea mwenye wimbo. Maneno yale ya mtoto amwambiaye mama yake afanye haraka kwa kuwa polisi wanakuja yalitungwa na mwanamke mwingine, Dorothy Masuka. Twaona haya kukiri kwamba jina hilo tumelijua majuzi tu, hali mwenyewe alikwisha kufariki dunia mwezi Februari, 2019.

Bibi Masuka alizaliwa Bulawayo mwaka 1935, baba yake akiwa na asili ya Zambia na mama yake Mzulu. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Johannesburg, akasoma katika shule ya masista wa Kikatoliki. Sisi tuliolelewa na misheni twajua jinsi shule hizo zilivyomfunza mtoto kuimba, na jinsi zilivyomkataza kuimba ayapendayo. Binti huyu alitoroka akaufuata muziki. Mwaka 1953, angali msichana, santuri yake ya "Hamba Nontsokolo" ilimpatia sifa kubwa.

Alichanganya marabi, muziki uliozaliwa katika vilabu vya pombe vya mitaa ya makabwela, na jazi ya Wamarekani weusi, akavitia vyote katika lugha na nyimbo za watu wake. Hapa hatuna budi kujisahihisha. Tumekuwa miongoni mwa wanaonung'unika kwamba Mwafrika aimbaye jazi ameitupa asili yake. Lakini jazi yenyewe ni kazi ya wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Na Johannesburg ilikuwa mji wa vibarua waliotoka kila upande wa kusini kuja kuchimba dhahabu ya watu wengine. Watu wa makabila mengi wakikaa mtaa mmoja na kubeba dhiki moja, nyimbo zao zitakosaje kuchanganyika? Mchanganyiko ule ulikuwa umoja wa wanyonge kabla haujapata katiba wala bendera.

Makaburu walilitambua jambo hilo mapema kuliko sisi. Bibi Masuka alipotunga wimbo wa kumsema Dk. Malan na sheria zake za ubaguzi, ulipigwa marufuku. Mwaka 1961, Patrice Lumumba alipokwisha kuuawa, alimwimbia. Makachero wakaikamata santuri, naye akashindwa kurudi Afrika Kusini. Ndipo ulipoanza uhamisho wa miaka 31. Alipata kuishi Malawi na hapa kwetu Tanzania. Alirudi Bulawayo mwaka 1965, lakini ikambidi kuondoka tena, akaenda Zambia, ambako alifanya kazi ya kuhudumia abiria katika ndege. Mtunzi wa nyimbo zilizopendwa na watu wengi akawa anagawa chai angani! Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 alirudi kwao. Afrika Kusini alirejea miaka ya tisini.

Hatusemi haya kumpunguzia Bibi Makeba heshima yake, maana naye alizuiwa kurudi kwao na akaitetea Afrika mbele ya mataifa. Twasema tu kwamba mfanyakazi hana budi kujulikana kwa kazi yake. Mwashi hujenga nyumba, ikaitwa kwa jina la mwenye kuikaa. Mkulima hulima kahawa, ikasifiwa kwa jina la mwuzaji. Chama chetu kilizaliwa kupinga desturi hiyo, nasi tumeiendeleza sebuleni mwetu bila kujua, kila tulipofungua redio.

Basi twawaomba ndugu zetu watangazaji, kila wapigapo wimbo, wamtaje na aliyeutunga. Na wewe msomaji, ukisikia "Khawuleza" jioni ya leo, waambie wanao kwamba aliyeimba ni Miriam Makeba, na aliyetunga ni Dorothy Masuka. Deni letu kwake lalipwa kwa maneno mawili tu.