Konza: Mji Mwerevu au Mji Smati?

Itakumbukwa kwamba mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa Konza, yapata kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi. Ekari 5,000 zilitengwa, na wananchi wakaahidiwa mji ambamo taa, maji, magari na taka vingesimamiwa kwa kompyuta. Tangu hapo mabilioni ya shilingi, yakiwamo ya mikopo kutoka Uchina na Korea Kusini, yamefukiwa ardhini kwa sura ya nyaya na mabomba.

Mimi si mhandisi wala mwanauchumi. Kazi yangu ni maneno, na ni katika neno ndimo ninamoona walakini wa uwekezaji huu. Sifa ambayo Waingereza huipa miji ya aina hii tuliikopa zamani, tukaifanya 'smati'. Mwulize mwanafunzi yeyote maana yake naye atakwambia: ni mtu aliyevaa akapendeza, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akili haimo. Baadhi ya wafasiri wamekimbilia 'mji mwerevu'. Lakini werevu nao, kama ajuavyo kila aliyelelewa kwa hadithi za sungura, una hila ndani yake.

Basi tumewekeza katika lipi, mavazi au akili?

Mavazi yapo, na wanaodai kwamba Konza ni nyasi tupu hawajapita huko karibuni. Barabara zipo. Kituo cha kitaifa cha kuhifadhia data kipo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa Agosti 2023, kina makao yake hapo.

Ila Kiswahili kina neno jingine ambalo wapangaji wetu wangelitafakari. Mkazi wa mahali huitwa mwenyeji, yaani mwenye mji. Neno lenyewe latangaza miliki. Sasa, mwenyeji wa Konza ni nani? Ardhi ya mradi ilinunuliwa kutoka ranchi ya Malili. Nje ya mipaka yake serikali iliweka ukanda wa kilomita 10, unaogusa kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado, na kuzuia uendelezaji wa ardhi humo ili vibanda visije vikauzingira mji. Kusudi lilikuwa jema. Hata hivyo, wenye mashamba ndani ya ukanda huo wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mali yao imefungwa. Gazeti rasmi la serikali, linalotangaza mambo ya ardhi, huchapishwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Mkulima hulazimika kumtafuta mtu wa kumsomea hatima ya shamba lake mwenyewe.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Si hisani, ni sheria. Korea Kusini, hao wanaotukopesha, walijenga mji wao wa Songdo huko Incheon juu ya ardhi iliyoporwa baharini. Lakini mkazi wa Songdo huarifiwa mambo ya mji wake kwa Kikorea. Haikuwapitikia kwamba teknolojia ingewataka waiache lugha yao mlangoni.

Gharama ya kutafsiri masharti ya ardhi kwa Kiswahili na Kikamba haifikii bei ya kilomita moja ya barabara. Kazi hiyo ifanywe sasa, na ikishafanywa isomwe barazani, wenyeji waulize maswali na kujibiwa. Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Mfumo wa maji utakapomtumia mama wa Malili ujumbe kwamba mfereji utafungwa kesho asubuhi, lazima pawe na mtu aliyeketi mapema akauandika ujumbe huo kwa maneno ambayo mama huyo atayaelewa. Wanafunzi walioko darasani leo ndio wanaoweza kuajiriwa kuuandika, iwapo kuna atakayekumbuka kuitengea kazi hiyo fedha katika bajeti.