Masizi ya Barabarani na Safari Yake Ndani ya Pafu

Abiria asimamaye kituoni Kangemi, jijini Nairobi, wakati wa jioni, au apitaye Mtaa wa Tom Mboya pale matatu zinapojipanga zikiunguruma, huvuta pamoja na hewa chembe za masizi ambazo nyingine hazizidi nusu ya maikroni kwa upana, yaani ni nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia moja. Na chembe za kadiri hiyo, maadamu ni nyepesi mno kutua upesi na ni kubwa mno kutangatanga sana, zingedhaniwa kutoka na pumzi kama zilivyoingia.

Dhana hiyo ina hoja. Katika vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa pafu hewa huenda taratibu mno, na mwendo wa namna hiyo, ukigeuzwa, hurejea katika njia ile ile. Lakini mwaka 2002 mtafiti Akira Tsuda na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya kwa mapafu ya panya, waliyoyajaza kimiminika cheupe kisha wakayapumulisha kwa kimiminika cha buluu. Nazo rangi hizo, baada ya pumzi chache tu, zilionekana zimevutwa na kukunjwa tabaka juu ya tabaka, mithili ya chapati na mafuta yake. Hayo ndiyo machafuko wayasemayo wanahisabati: chembe mbili ziingiazo zikiwa jirani hutengana mara, moja ikatoka, nyingine ikasalia ikizunguka.

Ama ule mtikisiko wa chembe ndogo alioutazama Robert Brown mwaka 1827, na Einstein akaueleza mwaka 1905 kuwa ni molekuli zigongazo chembe bila mpango, ni dhaifu sana kwa masizi haya, hata mtu angeuacha katika hesabu. Na kuuacha, kwa maoni yangu, ni kosa kubwa. Kwani tabaka zikishakondeshwa hadi unene wake ukalingana na masafa yale madogo ambayo mtikisiko waweza kuisogeza chembe, hapo chembe huvuka kutoka mkondo utokao hadi mkondo ubakio, wala kuigeuza pumzi hakuirudishi tena. Hata vizunguko vya hewa ambavyo mkondo peke yake usingeiingiza chembe humo kamwe, mtikisiko huo huvifungulia mlango.

Kukwama huko kwa chembe ni dhara hasa, kwa sababu vinyweleo vifagiavyo uchafu katika njia kubwa za hewa havipo katika vifuko hivyo, na seli zimezazo vumbi huweza kuchukua majuma, hata miezi, kuliondoa, ilhali msafiri wa Waiyaki Way huvuta jingine kila siku.