Gobi si dagaa: kuwataja samaki wadogo wa sakafu ya bahari

Mfasiri anayekutana na samaki wa familia ya Gobiidae katika matini ya sayansi hushawishika kuandika *dagaa*, kwa kuwa wengi wao hawazidi urefu wa kidole. Tafsiri hiyo inapotosha.

*Dagaa* si jina la ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Viktoria (*Rastrineobola argentea*) na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa koo mbalimbali. Kinachowaunganisha ni udogo, kuogelea kwa makundi na kuvuliwa usiku kwa taa. Ndiyo maana hata lawama kwamba “wanakamatwa dagaa, mapapa wanaachwa” hulenga udogo wa cheo.

Gobi wa baharini, kinyume chake, kwa kawaida hukaa chini, mchangani au miambani. Familia yake ina zaidi ya spishi elfu moja, na kwa nyingi kati ya hizo mapezi mawili ya tumbo yameungana yakawa kama kikombe cha kumnatisha samaki mwambani. Baadhi huishi shimo moja na kamba: kamba huchimba, gobi hulinda mlango.

Mwanafunzi wa Ndungu, chini ya milima ya Upare, anamjua kambare akaaye topeni. Dagaa anamjua mkavu, wa sokoni. Akisoma kwamba “dagaa hunata mwambani kwa mapezi yake”, atakuwa amefundishwa uongo kuhusu samaki aliyemla jana. Kosa hapo si lake, ni la mfasiri.

Pendekezo. Tumia *gobi*, umoja na wingi, kwa upatanisho wa viumbe hai, kama *samaki*. Linapotajwa mara ya kwanza, lifafanue.

- *Gobi, samaki mdogo wa sakafu ya bahari, amejificha shimoni.*
- *Gobi wawili wanalinda mlango mmoja.*
- Si sahihi: *Gobi hii imejificha.*

Tanbihi. Jina hili limetokana na Kilatini *gobius*, kutoka Kigiriki. Halihusiani na Jangwa la Gobi, ambalo jina lake ni la Kimongolia na huandikwa kwa herufi kubwa.

Udogo ni sifa ya samaki. Haitoshi kuwa jina lake.